Fumbo la Arobaini na Moja
Juzi mtaani Kabiro, nilipopeleka kiatu changu kitengenezwe kisigino, nilimkuta fundi ameinamia ubao wa chesi. Vizibo vya soda ndivyo vilivyokuwa wafalme na farasi. Kando yake kulikuwa na kitabu cha mafumbo ya mchezo huo.

“Fumbo la arobaini na moja. Hii ni wiki ya tatu,” akasema.

“Si uangalie majibu huko nyuma?”

Akanionyesha. Kurasa za mwisho zilikuwa zimekatwa kwa kisu cha viatu. “Nilimpea mama wa njugu afungie wateja. Jibu likiwa karibu, utachungulia tu.”

Nikaenda kununua njugu. Lo! Karatasi yangu ilikuwa na jibu la arobaini na moja. Nikarudi mbio nikiipunga. Fundi hakuinua macho, aliinua kiganja tu.

“Mzee, kula njugu.”

Nilikula. Mimi chemshabongo ya gazeti hili huianzia kwenye majibu.