Pole za Wifi

Katika karakana ya kushona sare za shule, kila mtu alimwita Mkasi, ingawa mkasi wenyewe alikuwa ameuacha zamani. Sasa alikata kwa mashine. Vitambaa hupangwa kimoja juu ya kingine hadi viwe kama godoro, kisha kisu cha umeme hupita mara moja kufuata mstari wa chaki. Kisu kikipinda, haiharibiki sketi moja, zinaharibika sketi za darasa zima. Kwa mkono wake Mkasi alikuwa amesomesha watoto, na aliutegemea bila kuufikiria, kama mtu anavyoitegemea sakafu.

Siku aliyorudi kazini kutoka likizo, iliyompeleka kwa dada yake aliyejifungua, mlinzi wa getini alimwambia, "Pole, mama. Nasikia mkono unakusumbua."

"Mkono upi?" Mkasi alicheka. "Labda wa mume wangu, ule unaoshindwa kuosha vyombo."

Mlinzi hakucheka, na hilo ndilo lililomkaa moyoni. Saa ya mapumziko, muuza chai, ambaye hupitisha vikombe dirishani kutoka nje, alimkabidhi chake kwa mikono miwili kana kwamba anamnywesha mgonjwa. Binti wa vifungo alimnong'oneza, "Usijikaze, dada. Ukichoka sema."

Mtu atagombana vipi na anayemhurumia? Pole ziliendelea kesho yake, na wiki iliyofuata. Mkasi akaanza kuutazama mkono wake wa kulia: ukishika chaki, ukimimina maji, ukifungua mlango. Kadiri alivyouchunguza ndivyo ulivyotikisika. Daktari alimpima, akasema haoni tatizo lolote. Mkasi akatoka pale akimshuku daktari kwamba anamficha.

Kisha asubuhi moja, akiwa katikati ya mstari, mkono ulisita. Kisu kikaruka na kuondoka na ncha ya kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Mkasi akiwa nyumbani na bandeji yake, mumewe, fundi bomba asiyependa ugomvi, alimletea habari. Mezani pake amewekwa wifi yake, yaani dada wa mume huyo, aliyekuwa akishona pindo katika karakana hiyohiyo na hakuwahi kuficha kwamba anaitamani meza ya kukatia.

"Angalau kazi imebaki kwenye familia," mume alisema.

Mkasi alimtazama. "Wewe nani alikwambia kwamba mkono wangu ni mgonjwa?"

"Si wewe mwenyewe?"

"Kabla yangu."

Mume alijikuna kisogo. "Dada alinidokeza. Kwa wema tu."

Tangu hapo Mkasi hakumwamini mtu. Alikwenda kwa mlinzi, naye akamtaja binti wa vifungo. Binti akamtaja muuza chai. Muuza chai hakuhitaji hata kufikiri.

"Wifi yako. Alikuja dirishani akasema, 'Cha Mkasi nipe mimi nimpelekee, leo mkono unamtetemeka hata kikombe hawezi kushika.' Nikakuonea huruma sana."

"Lini hiyo?"

"Siku ile mvua ilipofunika daraja. Nakumbuka kwa sababu niliuza chai nikiwa nimelowa kama kuku."

Siku hiyo Mkasi alikuwa kwa dada yake, ng'ambo ya daraja hilo.

Alipotamka neno mahakama, mumewe aliweka kijiko chini. "Utampeleka dada yangu mahakamani kwa kosa la kukuonea huruma?"

"Kwa kosa la kunihurumia kabla sijaumwa."

Wakili wa msaada wa sheria, mwanamke mwenye miwani mizito, hakumpaka mafuta. "Hakukugusa, hakukutisha, wala hakukutukana. Kumpa mtu pole si kosa. Itabidi tuonyeshe kwamba alijua si kweli, na kwamba alijua mtu wa kisu akijazwa hofu ataumia."

Mkasi aliitikia, lakini jambo lililomtafuna lilikuwa jingine. Ikiwa mkono ulikuwa umeanza kutetemeka kweli, na wenzake waliuona kabla yake, basi wifi hana hatia na yeye ukataji umemshinda. Ikiwa maneno yalitungwa, mkono bado ni wake. Fidia isingemjibu swali hilo.

Mahakamani muuza chai alisimulia yake. Wifi alisimama akiwa ametulia. "Mheshimiwa, mimi nilisema maneno tu. Kichwa ni chake, mkono ni wake. Kisu nilikishika mimi?"

"Siku hiyo ya mvua," hakimu aliuliza, "huo mkono uliuonea wapi?"

Wifi alisema labda ilikuwa siku nyingine. Alipoulizwa ni ipi, hakuikumbuka.

Hukumu ilisomwa polepole. Walioipokea pole na kuipeleka mbele hawakuwa na dhima, kwa kuwa waliiamini. Aliyeitunga alikuwa nayo, kwa kuwa alijua Mkasi anaishi kwa kisu, na alijua meza itabaki kwa nani. Alipe matibabu na mshahara uliopotea.

Kwenye ngazi za nje, wifi alimfuata, akamkumbatia, akamwekea mdomo sikioni.

"Wifi, nitalipa, yaishe. Lakini ukweli unaujua mwenyewe. Nilikuona unatetemeka hata kabla ya likizo. Niliona aibu tu kusema pale ndani."

Sauti ilikuwa laini na macho yalikuwa na machozi. Mkasi alihisi vidole vyake vya kulia vikianza kucheza juu ya mkanda wa mkoba. Kisha akapaza sauti.

"Wakili! Rudi kidogo, wifi yangu amekumbuka kitu. Haya wifi, rudia kwa sauti. Hakimu bado yumo ndani."

Wifi alimtazama wakili, kisha kaka yake aliyekuwa akishuka ngazi. Akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake. Mkasi alimsubiri mpaka mumewe akaona haya na kugeukia barabarani.

Alipofika karakana siku hiyohiyo, ilikuwa haijafungwa. Mkasi alimwomba msimamizi ampangie kwenye meza yake vitambaa vichache kwanza, vya sketi ndogo, na kabla ya kuwasha mashine akawaambia wote waliosimama kumtazama warudi kwenye kazi zao.