Fundi wa Flashi Zilizochakaa

Mbele ya flashi iliyochakaa, fundi yule hutulia kama maji mtungini. Haidanganyi, husema, imechoka tu, kwa hiyo usiifokee. Huisoma, huibadilishia kipimo cha umeme kidogo, huisoma tena, na haamini jibu lolote mpaka lijirudie. Dada aliyeleta flashi yenye sauti ya marehemu mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi, akimtazama anavyokibembeleza kidude kile kama mtoto mwenye homa.

“Haya, rudia tena, sina haraka,” alikinong'oneza.

Simu ya fundi ikalia. Akaiweka spika ili mikono isiache kazi. Sauti ya bikizee ikamwita kwa jina la kaka yake, ikamuuliza kama amekula, kisha ikamuuliza tena kama amekula.

“Mama, ni mimi, na umeshauliza!” akafoka, akakata.

Akairudia flashi, uso umelainika. Hatimaye kompyuta ikakwaruza, na sauti ya marehemu ikatoka safi kabisa: “Mwanangu, umekula?”

Yule dada akaangua kilio.

“Umeona?” fundi akasema, kifua mbele. “Vitu hivi vinataka subira tu.”