Droo ya Bibi Robo

Duka la miwani lilikuwa na droo moja ndefu kama jeneza la mtu mrefu, na ndani yake bahasha elfu moja na ushei za lenzi. Aliyeijua droo hiyo ni mmoja tu, Bibi Robo. Jina alilipata kwa sababu nguvu ya lenzi hupanda robo kwa robo, na yeye pia ngazi za duka alizipanda vivyo hivyo, magoti yakilalamika. Miaka ishirini na sita. Ukimtajia nambari, alizamisha mkono katikati ya droo, akachungulia bahasha moja, akaisahau nusu isiyohusika kana kwamba haijawahi kuzaliwa. Kisha katikati ya nusu iliyobaki. Akichungulia mara kumi hivi, lenzi iko mkononi.

Halafu binti wa mwenye duka akarudi kutoka chuo kikuu na shahada. Wakamwita Injinia. Wiki nzima Bibi Robo alimsomea bahasha moja moja, kwa mpango wake wa droo, naye akaziingiza kwenye kompyuta. Bosi akaijaribu kwa lenzi ya mama yake mzazi, ya kujumlisha sita, kali kuliko zote. Kufumba na kufumbua: IPO, mwisho kabisa wa droo. Bosi nusura aibusu skrini.

"Bibi, kuanzia Jumatatu utakaa mapokezi. Kazi yako ni kutabasamu tu."

"Kwa meno haya matatu, bosi?"

Hata kicheko hakijaisha, akaingia dereva wa lori, miwani yake imevunjika vipande viwili. Saa nane mchana alikuwa na kipimo cha macho cha leseni.

"Nisaidieni jamani. Asubuhi nimeisalimia nguzo ya umeme, nikakasirika haikuitika!"

Karatasi ya daktari ilisema kutoa tano, macho yote mawili. Injinia akabonyeza. HAIPO.

"Tutaagiza," bosi akasema. "Wiki tatu."

Bibi Robo alizamisha mkono, akachungulia, akachungulia tena, akaibuka na bahasha mbili za kutoa tano, akampa fundi wa kukata lenzi. Bosi akageuka rangi.

"Hili dude lirudi kwenye boksi lake leo hii! Bibi, baki na droo yako."

Ushindi mtamu namna hiyo mtu huutafuna taratibu, nyumbani, miguu juu. Lakini Bibi Robo kuna kitu kilimwasha. Kompyuta ilidanganyaje? Akavuta kiti karibu na Injinia, aliyekuwa amejiinamia.

"Mwanangu, kwani inatafutaje?"

"Inafungua katikati, Bibi. Inalinganisha, inatupa nusu."

"Loo! Kama mimi? Hebu nionyeshe ilipopita."

Wakaifuata nyayo kwa nyayo. Katikati ilikuta kujumlisha tatu. Kutoa tano ni ndogo kuliko hiyo, ikaenda kushoto. Kushoto tena. Kushoto tena, hadi mwanzo wa droo, kwenye sifuri, lenzi za mapambo.

"Imemtafutia dereva wa lori miwani ya kuringia!" Bibi Robo akacheka mpaka akashika mbavu. "Nani kaiambia kutoa tano ni ndogo?"

"Hesabu."

"Hesabu imewahi kuona mwandiko wa daktari? Alama ya kutoa na ya kujumlisha zote anazikwangua kama kuku. Ndiyo maana kutoa tano na kujumlisha tano nimezilaza jirani, halafu namuuliza mtu mwenyewe kama haoni mbali au haoni karibu. Mimi naangalia nguvu kwanza, alama naiacha. Nguvu zikilingana, ndipo alama: ya kutoa inatangulia."

Injinia akainua kichwa. "Kumbe kutafuta inajua. Droo imepangwa kwa sheria yako, nami nimeiacha ilinganishe kwa sheria yake. Ile ya bibi yangu iliipata kwa bahati tu, iko mwisho!" Vidole vikagusa kibodi, vikasimama. "Bibi, nikiiandika sheria yako, itazipata zote. Na wewe Jumatatu…"

Bibi Robo akaitazama droo yake. Akaitazama skrini. Mwasho ukamshinda.

"Andika, tuone."

Mistari minne. Kutoa tano: IPO. Kutoa robo: IPO. Wakaichokoza hadi dereva aliporudi saa kumi, leseni mkononi, akimsalimia Bibi Robo kwa heshima zote, na safari hii akaitikiwa.

Jumatatu Bibi Robo alikaa mapokezi. Hakutabasamu hata kidogo. Alikuwa amemshika mteja wa kwanza pua kwa futi kamba.

"Tulia, baba. Injinia! Zile fremu tumezipanga kwa rangi, si ndiyo? Sasa tukizipanga kwa upana wa pua, halafu pua zikilingana, kwa masikio?"