Niliita "askari" mara moja, na sasa neno hilo limeandikwa kwenye karatasi

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na nne, na ni miaka miwili na miezi saba tangu nitoke nyumbani Bungoma kuja huku Meru kutafuta kazi. Nina miaka thelathini na nne, mke na watoto watatu niliowaacha kwa mama yangu. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mnivumilie nikikosea kuandika. Admin, ficha jina langu na la kampuni, maana bado nakula kwao.

Nimeajiriwa kubeba magunia katika kiwanda cha makadamia. Mapema mwaka huu wakulima walimkasirikia mkurugenzi wetu kwa sababu alikataa mazao yao baada ya wao kuyaleta hadi getini. Wakamtukana mitandaoni, wengine wakaandika kwamba wanajua anapoishi. Akaogopa. Kumi na wanne kati yetu tukatolewa kiwandani, tukapelekwa nyumbani kwake, kando ya barabara ya Embu, kumjengea ukuta wa mawe wa futi kumi na seng'enge juu. Akapewa pia polisi wawili wenye bunduki. Wanakaa getini kwa viti vya plastiki kuanzia asubuhi, wanaletewa chai na mkate.

Mwenzangu wa kazi ni Kinoti, kijana wa Nkubu. Yeye ndiye aliyenipatia chumba nilipofika bila kumjua mtu, na mama yake hunitumia ndizi kila wiki. Siku ninayotaka kuwaeleza, saa nane mchana, msimamizi alimtuma Kinoti dukani kuleta misumari. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa la mbao, napanga mawe. Nikamwona akirudi na mfuko. Hatua kama thelathini kutoka getini, pikipiki ikasimama mbele yake na watu wawili wakashuka. Walitaka simu. Kinoti akakataa kuitoa, na mmoja akachomoa panga.

Niliita, "Askari, huyo kijana anauawa hapo."

Yule polisi mkubwa aliinua macho. Hakumtazama Kinoti, alinitazama mimi. Akasema, "Askari ni yule anafungua geti. Mimi ni afande."

Nikasema, "Pole afande. Basi msaidie."

"Afande haachi lindo."

Wakati tunabishana kuhusu jina, Kinoti alikinga panga kwa mkono wa kulia. Pikipiki ikaondoka polepole kabisa, kama ya mtu anayetoka sokoni. Na kwa sababu nimeficha jina nitasema hili pia: hata mimi sikushuka. Nilikuwa na nyundo mkononi, ngazi ilikuwa karibu, nikabaki juu nikiomba msamaha kwa mtu mwenye bunduki.

Tulimfunga Kinoti mkono kwa shati, tukampeleka hospitali kwa boda boda. Mishipa ya mkono ilikatika, na vidole vitatu havisikii kitu mpaka leo. Nikaenda kituo cha polisi kupiga ripoti. Aliyekuwa kwenye meza aliandika, kisha akaniambia gari haina mafuta, nikiwaona hao wezi tena nije niwaambie. Nikamwambia kulikuwa na polisi wawili pale pale. Akafunga kitabu.

Siku ya tatu tuliweka mabeleshi chini, tukakaa nje ya geti. Hatukurusha hata kokoto. Tulitaka mkurugenzi atoke atuambie ni nani atamtibu Kinoti, kwa sababu aliumia akiwa ametumwa kazini. Githeri yetu ilikuwa bado jikoni magari mawili ya polisi yalipofika, watu wamevaa kofia za chuma na kushika ngao. Fundi mmoja mzee akawauliza, "Vijana wangu, leo mmepata mafuta ya nani?" Tukacheka, na hata polisi mmoja akacheka. Kisha wakaturushia gesi, na mkebe mmoja ukaangukia ndani ya sufuria ya githeri. Mkurugenzi alikuwa dirishani orofa ya juu, ameshika kikombe. Kumbe hawa polisi wanaweza kukimbia. Wanaweza kufika. Inategemea tu ni nani anaogopa.

Juzi niliitwa ofisini. Kuna karatasi ya Kiingereza wanataka niweke sahihi, kwa sababu mimi ndiye niliyeona. Msimamizi alinisomea kwa Kiswahili: kwamba Kinoti aliondoka kazini kwa shughuli zake, na kwamba hapakuwa na polisi mahali hapo, palikuwa na askari wa geti tu. Nikasema huo ni uongo. Akanijibu kwa upole, "Lakini wewe mwenyewe uliita askari. Watu wote walikusikia." Nikiweka sahihi nitafanywa msimamizi mdogo kiwandani. Nisipoweka, nirudishe ovaroli na buti.

Jana mama Kinoti alikuja chumbani kwangu. Alileta ndizi kama kawaida, nami nikashindwa kumtazama. Hakulia. Alisema, "Mtoto wangu, sikuombi umsifu Kinoti. Sema tu ni nani walikuwa wamekaa kwa hivyo viti." Akachukua kikapu chake akaenda.

Sasa nina hasira na sijui niipeleke wapi. Namkasirikia mkurugenzi na afande, lakini zaidi najikasirikia mimi mwenyewe niliyebaki juu ya jukwaa. Upande mwingine kuna watoto watatu ambao hawamjui Kinoti. Nyinyi mnaosoma hapa, wenye kazi na mliowahi kufukuzwa, nishaurini. Ijumaa saa nne natakiwa ofisini.

Mama watoto nilimwahidi kwamba nitafika nyumbani Krismasi. Nikiweka sahihi, nitafika Krismasi. Nikikataa, nitafika Jumamosi.