Baba Alijua Paa Waliko

Mama alipofariki, baba alihamia kwangu Bawshar, hapa Maskati, na akawa mtu wa kiti kimoja. Alikaa sebuleni mbele ya televisheni asiyoisikiliza, tasbihi mkononi, na kila Ijumaa alfajiri nilipotoka na kamera alinisindikiza kwa macho mpaka mlangoni bila kuuliza naenda wapi.

Mimi ni mfamasia. Kupiga picha ndege na wanyama nilianza watoto walipokwisha kukua, nikaona kumbe nina saa zangu mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha wapata mbweha, bundi, na mijusi minene ya jangwani inayoota jua mlangoni mwa mashimo yao. Paa ndiye aliyenishinda. Nilikuwa na picha nyingi za mikia ya paa.

Mwaka huo mvua ilinyesha vizuri huko bara, nyuma ya milima, na mwisho wa Februari watu wakaanza kutumiana picha za majani yaliyochipua kwenye nyanda za juu. Nikasema mezani kwamba safari hii nitajaribu tena. Baba akaweka kijiko chini.

"Paa nnajua waliko," akasema. "Nitakupeleka mie."

Nikamuuliza amejuaje.

"Ujanani nilifanya kazi huko. Tulikuwa tukipimia serikali barabara. Hakuna kilima nisichokijua."

Hilo sikulijua vizuri. Nilichojua ni kwamba alitoka Zanzibar akiwa kijana mwenye shahada, akafika Maskati hajui Kiarabu zaidi ya kile cha msahafu, akajifunzia kazini. Ulimi wake haujakaa sawa mpaka leo. Wanangu humwiga, naye hucheka pamoja nao.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Tulipopita mtaa wa Ghala magereji yalikuwa bado yamefungwa, na baba alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake kama dereva yeye. Tangu maziko ya mama sikuwa nimemwona hivyo. Tulipoivuka milima na lami ikatuishia, akaanza kunielekeza kwa kidole. Kata hapa. Shika bonde hili. Usipande huko, kuna mawe makali yatachana mipira. Kwenye mgunga mmoja ulioinamishwa na upepo akaniambia nisimame.

"Liache gari hapa. Tutembee, na upepo uwe unatupiga usoni, wasitunuse."

Huko juu baridi ilikuwa bado haijaondoka. Ardhi ilikuwa changarawe nyeusi na ya kahawia mpaka macho yanapokoma, na juu ya changarawe ile mvua ilikuwa imeacha uchipukizi mwembamba, ambao ukisimama juu yake huuoni, lakini ukiinama unaona bonde zima la kijani. Palikuwa na vijiua vya manjano na vya zambarau vyenye ukubwa wa kifungo cha shati. Nililala kifudifudi nyuma ya jiwe, nikaegemeza lenzi juu ya mfuko wangu wa mchele ninaotumia kuituliza, nikangoja. Baba alikaa chini nyuma yangu, kanzu yake ameikunja magotini, asitoe hata kikohozi.

Walitokea upande uleule aliosema watatokea. Kwanza masikio, halafu shingo nyembamba, halafu jike mzima mwenye rangi ya mchanga uliolowa, na tumbo jeupe. Nyuma yake kitoto, miguu bado haijamsikiliza. Jike akasimama kwenye mgunga, akanyoosha shingo na kuchuma majani machanga katikati ya miiba, mdomo ukipita palipo na nafasi tu. Jua lilikuwa limepanda kidogo, na mwanga ukapita kwenye masikio ya mtoto ukayafanya mekundu. Nilipiga, nikapiga tena. Kisha paa waliondoka wenyewe, taratibu, bila kutishika.

Nikageuka nimwonyeshe baba. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nikadhani ni furaha.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari mwanamke mmoja mwenye mbuzi akatuona. Alikuwa amevaa barakoa ya kitambaa ya wanawake wa huko, inayoacha macho tu, umri wake umenizidi, na alitembea haraka juu ya mawe yale. Akatusalimia kwa Kiarabu cha huko, akasema nyumba yake ile pale, hatuwezi kupita bila kuonja chochote. Baba alimwinamia kichwa tu, akaniambia kwa Kiswahili nitangulie, miguu imechoka, atakuja akishaipumzisha.

Nyumba ilikuwa ya matofali, na mbele yake banda la mabati lililotandikwa mikeka. Mwanamke akanikalisha, akaleta tende na dele la kahawa. Alipoiona kamera akataka kuona nimepiga nini. Nikamsogezea kioo. Akamtazama yule paa mdogo kwa muda mrefu, akaisogeza kamera usoni kama anayetaka kusikia sauti.

"Hawa wameanza kurudi karibu sasa," akasema. "Nilipokuwa mdogo walikaribia kwisha. Watu walikuwa wakija na magari na bunduki."

Kisha akanisimulia, bila mimi kumuuliza. Baba yake aliokota mtoto wa paa ambaye mama yake alikuwa amepigwa risasi, akamleta hemani. Yeye ndiye aliyemlea, kwa maziwa ya mbuzi. Alimfunga kitambaa chekundu shingoni, kilichochanwa kwenye nguo ya mama yake, ili kila mwenye macho ajue ana mwenyewe. Mchana yule paa alikwenda malishoni na mbuzi na jioni alirudi nao. Alikula tende kwenye kiganja chake.

"Siku moja likaja gari la serikali lenye vijana wanne. Tukasikia mlio. Nikakimbia. Nilipofika alikuwa amekwisha chinjwa na wanamtia nyuma ya gari. Wakaja hemani kwetu. Mmoja wao, yuleyule aliyepiga, akakaa chini akamwambia baba yangu anataka kahawa."

Neno hilo hakulisema kwa Kiarabu. Hakusema qahwa kama wasemavyo huko. Alisema kahawa, sawasawa na tunavyosema nyumbani kwetu.

"Alikuwa na ulimi wa watu wa Zanzibar," akaendelea. "Kaka zangu walilishika neno lile miaka na miaka. Wakitaka kunichokoza wanasema, tupe kahawa, na mimi natoka nje."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Sikukinywa wala sikukiweka. Wazanzibari waliofanya kazi serikalini siku zile walikuwa wengi, nikajiambia hivyo, na papo hapo nikaona nimeshajua. Nilikumbuka jinsi alivyoniambia niuache upepo unipige usoni, maneno ya mwindaji. Aibu ilinipanda, na nikashukuru ovyo kwamba mama hayupo.

Hapo baba akaingia. Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka. Mwanamke akamkaribisha vizuri, akamwita ammi, kama anavyoitwa mzee wa heshima, akammiminia. Mimi nikaanza kusema haraka haraka, habari za mvua, habari za barabara, chochote, ili yeye asiseme. Baba akanywa, akasubiri nimalize kama mtu mwenye adabu anavyosubiri, halafu akasema kwa Kiarabu chake:

"Mashaallah, kahawa nzuri."

Mwanamke aliliweka dele chini polepole. Kwa sababu ya barakoa nilichoona ni macho tu, na macho yale hayakuondoka kwake.

"Umewahi kufika huku, ammi?"

"Kamwe," baba akasema. "Hii mara yangu ya kwanza."

Akammiminia tena. Kisha mara ya tatu, mpaka baba akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Mimi nilikaa kati yao natazama kokwa za tende kwenye sinia. Kumwona baba yangu akiua paa, labda ningeweza kumtetea kwa ujana. Kumsikia anasema uwongo mbele ya mwenye nyumba, huku ameshika kikombe chake, sikuwa na pa kujificha. Nilipoaga, mwanamke alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na nikashindwa kumtazama.

Garini hatukusemezana mpaka tulipoikuta lami. Hapo nikamwambia alichonisimulia yule mwanamke, kwa sentensi mbili. Nikasimama kwenye kituo cha petroli, si kwa sababu ya petroli.

"Alikuwa na kitambaa chekundu," baba akasema. "Nilikiona."

"Kabla?"

"Kabla. Darubini ya bunduki ilikuwa nzuri, nilikiona kama nnavokuona wewe." Aliongea akitazama mbele. "Wenzangu walikuwa wananiita Mswahili. Si kwa ubaya, kwa mzaha, lakini kila siku. Mswahili hajui kupanda ngamia, Mswahili hajui kusema. Siku ile wakanipa bunduki, wakasema tumwone Mswahili. Nikakiona kitambaa, nikajua ana mwenyewe. Na wao walikuwa nyuma yangu wananisubiri."

"Na kahawa?"

"Mzee alitukaribisha. Ningekataaje?" Akashika tasbihi yake. "Mtoto wa kike alikuwa amesimama mlangoni mwa hema. Halii. Ananitazama tu."

Nilitaka kumwambia turudi sasa hivi. Nilitaka pia kumwambia kwamba ilikuwa zamani. Nikamwambia la kwanza.

"Nnaona haya," akasema.

"Hata mimi."

Hatukurudi siku ile. Nilimfikisha nyumbani akaenda chumbani kwake, na wiki nzima alikula kidogo. Mimi niliziangalia zile picha kwenye kompyuta. Zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na kila nilipofungua ile ya masikio mekundu niliifunga. Wenzangu kwenye kikundi chetu cha wapiga picha waliniuliza kama nimepata. Nikawajibu sikupata.

Ijumaa iliyofuata nilipoamka kusali nilimkuta baba amekaa sebuleni, amevaa kanzu safi na kilemba, fimbo magotini. Hakusema tunakwenda wapi.

Mwanamke alikuwa malishoni. Tulimsubiri bandani kwake mpaka jua likawa kali. Alipotuona hakushangaa. Aliwafungia mbuzi kwanza, akanawa mikono, akaja akakaa mbali kidogo. Baba hakukaa. Alisimama mbele yake akiegemea fimbo, na akasema kwa Kiarabu kile kile kibovu, neno moja moja, kwamba yeye ndiye aliyempiga paa wake, kwamba alikiona kitambaa, na kwamba wiki iliyopita alimdanganya chini ya paa la nyumba yake. Akasema hakuja kwa sababu ana la kujitetea.

"Nilikujua," mwanamke akasema. "Nilikuuliza nione utasema nini."

Baba akainamisha kichwa.

"Unajua baba yangu aliniambia nini siku ile? Aliniambia nisilie mbele ya mgeni."

Na hapo akaanza kulia. Hakulia kwa sauti mara moja. Ilianza mabegani, halafu barakoa ikalowa, akaivua akaiweka mapajani, na nikauona uso wake, uso wa mwanamke mzima mwenye wajukuu, umekunjamana kama wa mtoto. Nilifanya kutaka kumsogelea, akaninyooshea kiganja nisije. Baba alibaki amesimama. Hakuna aliyemwambia akae. Mwanamke alipomaliza kulia alijifuta kwa ukingo wa shela, akavaa barakoa yake, akainuka.

"Mbuzi wangu wana kiu," akasema. Akaenda kwao.

Tulisubiri kidogo, hatukujua tunasubiri nini. Hakurudi. Tukaondoka. Sijui hata leo kama alimsamehe, na baba hajawahi kuniuliza mimi naonaje.

Nilidhani yameishia huko, kati yetu watatu. Ilikuwa ndiyo tamaa yangu, nikiri. Lakini wiki kadhaa baadaye familia ilikusanyika kwangu kwa chakula cha mchana, dada yangu na mumewe, wakwe zangu, watoto wote, na mmoja akamwomba baba atusimulie safari yetu ya paa, maana mimi nimekataa kuonyesha picha. Nikamtazama baba kumwashiria abadilishe mazungumzo. Aliniona. Akajifuta mikono, akayasimulia yote tangu mwanzo, kwa Kiswahili kilichonyooka: bunduki, kitambaa, mtoto mlangoni, uwongo wake. Hakuacha kitu. Mama mkwe wangu, ambaye watu wake ni wa huko huko bara na hajui Kiswahili, alikuwa anamsikiliza kupitia mkwe wake mwingine aliyemfasiria, na niliona kila sentensi ikimfikia baada ya kuchelewa. Nilitazama sahani yangu. Uso ulikuwa unaniwaka, nikajichukia kwamba namwonea aibu sasa, pale anaposema kweli, kama nilivyomwonea aibu aliposema uwongo.

Dada yangu akauliza.

"Na ile nyama, baba, mliifanya nini?"

"Tuliila," akasema baba.

Mama mkwe alingoja afasiriwe. Kisha akavuta sinia la wali, akamwongezea baba kwenye sahani yake, kama mwenye nyumba anavyomwongezea mgeni, na watoto wakaanza tena kula.