Kikao Ambacho Sikukaa na Mama Mkwe

Admin, ficha jina langu, na picha yangu pia uiondoe, maana kipara changu kinajulikana mtaa wote wa Kawangware 46.

Kwanza, tangazo kwa wananchi. Baada ya miaka mingi ya kukalia debe lililopinduliwa, kazini nimepewa kiti kinachozunguka. Kinazunguka upande wa kushoto tu, lakini kinazunguka. Wale mliosema sitafika popote, nimefika, na nikitaka kuangalia nyuma sina haja ya kusimama.

Haya, sasa tuongee. Nina miaka arobaini na tisa, baba wa watoto watatu, Mluhya aliyekuja Nairobi kutafuta na bado anatafuta. Nafanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha sabuni. Nyumbani, mama watoto haniongeleshi siku hizi, isipokuwa kuniambia chakula kiko hapo.

Kampuni ilikuwa inaelekea kufungwa. Tukaletewa mkurugenzi mpya, kijana mpole anayevaa raba na suti pamoja. Akavunja kuta za ofisi, akapanga laini ya githeri na sisi saa ya chakula, akasema ugonjwa wa kampuni hii ni wakubwa kutosikiliza watu. Akaahidi kwamba hakuna atakayepoteza kazi kabla hajasikilizwa. Kila timu ichague kiongozi, na kiongozi akae na kila mtu wake, viti viangaliane, bila meza katikati, amuulize anajua nini na angependa kufanya nini. Kisha asimame mbele ya wakubwa awasemee watu wake.

Timu yangu ilinichagua mimi, nadhani kwa sababu kwenye mikutano huwa nakoroma polepole. Lakini sitadanganya, kile kitu kilifanya kazi. Kuna mama alilia kwenye kile kiti kwa sababu hakuna bosi aliyewahi kumuuliza chochote. Mkurugenzi akanishika bega mbele ya mameneja wote: "Mzee, wewe umeshika hii kitu. Uko kisasa kushinda hawa wangu." Wiki hiyo nilitembea kama mtu aliyenunua Ngong Road.

Shida ni kwamba mama mkwe wangu alikuwa anafanya kazi humo humo, upande wa kupakia. Anaishi Kibera, Soweto East, na analea wajukuu wawili, watoto wa mwanawe aliyefariki. Kwa wale wasiojua mambo ya kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawakai karibu, hawashikani mikono, hawaangaliani machoni. Sio chuki. Ndiyo heshima kubwa kabisa tuliyo nayo. Miaka yote tuliweza: nikipita upande wao wa kupakia anageukia maboksi, mimi nasalimia sakafu, na sakafu inaitikia. Kuta zilipovunjwa na timu zikachanganywa, akaangukia timu yangu.

Majina ya wanaoachishwa kazi yalipotoka, lake lilikuwemo. Sababu ilikuwa kwamba hakushiriki mabadiliko. Sasa na magoti yake yale anazunguka kwa nyumba za watu akitafuta nguo za kufua.

Mama watoto aliniuliza nikivua viatu. "Baba Mercy, si wewe ndio ulikuwa unawasemea?" (Mercy sio jina lenyewe, msianze kumtafuta.) "Ulisema nini kuhusu mamangu?"

"Hiyo ni ofisi kuu iliamua."

"Sijakuuliza ofisi kuu."

Nikajifanya kamba ya kiatu imekataa kufunguka. Na mama mkwe mwenyewe, badala ya kunilaani, alituma neno kupitia kwa binti yake: "Mwambie mkwe asihangaike, najua alijaribu." Heri angenilaani.

Juu ya hayo, mkurugenzi anataka nizunguke matawi mengine nikawafundishe viongozi wenzangu jinsi tulivyobadilisha kampuni.

Sasa niwaambie kilichotokea, kwa sababu hapa hamnijui. Kabla ya vikao kuanza, mama mkwe alisimama nyuma ya maboksi, amenipa mgongo, akasema: "Mkwe, zamu yangu ikifika tuma mtu mwingine anisikilize. Yeyote tu." Nikamjibu, "Sawa, mama." Hilo tu ndilo lililotakiwa. Lakini kumtuma mtu mwingine kulimaanisha kumweleza mkurugenzi sababu, na yeye ameshaniita wa kisasa mbele ya watu. Niliona haya. Kila siku nikasema kesho.

Siku ya kuwasemea watu nilisimama nikawasemea vizuri, mpaka wakubwa wakacheka. Tukafika kwa jina lake. "Na huyu mama, hamjakaa?" mkurugenzi akauliza. Akangoja. Alingoja bila haraka, vile alivyotufundisha kungoja mtu aongee.

Nikasema, "Nilimwita, hakuja."

Alikuwa nje ya mlango huo, kwenye benchi, amefunga kitambaa chake cha kanisani, akingojea mtu nitakayemtuma.

Baadaye nilirudi kwa mkurugenzi peke yangu kuuliza kama nafasi ya mama mkwe bado ipo. Akaniambia hapo sasa pana mashine. Kwa hiyo ukweli hautamrudishia kazi. Nikimwambia mama watoto, namjua, atachukua watoto aende Kibera kwa mamake. Na siwezi kwenda kumwomba mama mkwe msamaha mwenyewe, maana hata nikifika nitakaa sebuleni na yeye ndani, na katikati yetu ni lazima mtu apeleke maneno, na mtu huyo ni mke wangu. Nikinyamaza, mama mkwe ataendelea kuniombea kila Jumapili.

Nyinyi mngekuwa mimi, mngeanza kwa nani?