Uso wa Tshilombo Ndani ya Plastiki

Mbelu wa mtaa wetu wa Musonoi alikuwa na mdomo, na mimi nilimpenda kwa huo mdomo. Mumewe, Tshilombo, alimletea kutoka mgodini vipande vya plastiki nene inayoonyesha, ile iliyofunika mashine mpya, ambayo wenzake waliitupa. Mbelu aliigeuza vitambaa vya meza, makoti ya mvua ya watoto, na madirisha ya watu wasioweza kununua kioo, mimi jirani yake nikiwa mmoja wao.

"Mwamini, mweye batu ba Maniema munapenda kuchungulia," alinitania. "Nitakuwekea dirisha kubwa."

Lakini kazi iliyompa jina ni kufunga picha za watu ndani ya plastiki. Alikunja ukingo wa plastiki juu ya kipande cha msumeno, akaupitisha taratibu kwenye moto wa mshumaa, na plastiki ikashikana kama imeshonwa. Kila mteja alipewa onyo lile lile: "Anika picha ku jua kwanza. Ikiwa na maji, plastiki itakula sura."

Tshilombo akafa. Siku ya maziko mvua iliipiga picha yake juu ya jeneza, nayo ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa. Mbelu hakungoja jua. Alitaka igongelewe msalabani kabla watu wa kilio hawajatawanyika, akaifunga vile vile na maji yake. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nasema majonzi hayana ufundi.

Miaka ikapita, halafu ukaja ule mwaka mbaya Wakasai, watu wenye mababu wa Kasai kama Mbelu na mumewe, walipoambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Mbelu alizaliwa hapa hapa Kolwezi! Nikikumbuka, hata leo damu inanichemka. Walilala stesheni juu ya mizigo yao wakingoja treni, mvua ikiwanyeshea. Kaburi halipandi treni, kwa hiyo kila familia ilibeba picha ya mfu wake, naye Mbelu akakaa katikati yao na mshumaa, akizifunga zote bure.

Ya kwake aliiacha ya mwisho. Tulikwenda pamoja makaburini, tukaing'oa msalabani. Jua lilikuwa limeifanya plastiki kuwa ya manjano, imepasuka-pasuka, lakini Tshilombo alionekana bado ndani yake, na tai yake, na kovu lake kando ya jicho.

"Acha vile iko, mama," nikamwambia.

"Siwezi kumupeleka kwabo na nguo ya kuzeeka."

Akakata ukingo kwa wembe, akavuta. Sura ikaja na plastiki. Macho, pua, mdomo, vyote vikabanduka, vikavunjikia vidoleni mwake kama maganda ya kitunguu, na karatasi ikabaki nyeupe juu ya tai. Mimi ndiye niliyelia, nikailaani mvua, nikailaani plastiki, nikawalaani na waliowafukuza.

Mbelu aliyaokota mabaki, akayaanika juani mpaka yakakauka kabisa, kisha akayafunga pamoja na ile karatasi katika plastiki mpya. Sikuwahi kumwona akifanya kazi safi kama ile.

Treni ilipokuja, watu walipanda na wafu wao wakiwa wamening'inia shingoni, kila uso ukionekana wazi. Mbelu alipanda na tai. Behewa lilikuwa limeshaanza kusogea aliponiita kwa sauti.

"Mwamini! Weye ulimujua. Kovu ilikuwa ku jicho gani?"

"Ya kushoto!" nikapiga kelele, nikikimbia kando ya reli. "Kushoto, mama!"

"Kushoto," akarudia. Sikumsikia tena, ila niliiona midomo yake ikiendelea kulisema neno hilo, kushoto, kushoto, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau.